Mbwa Mtulivu Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Tabia za Mbwa kwa Upole

Mbwa wengi wa huku kwetu Uganda, uwe Bombo, Arua au pembezoni mwa Kampala, wanaishi maisha yanayofanana. Mchana amefungwa mnyororo nyuma ya jiko, usiku anafunguliwa azunguke uwanja. Chakula chake ni posho (ugali) iliyobaki, na neno analolisikia mara nyingi ni "Toka!" Halafu malalamiko yanaanza: anabweka usiku kucha, kamng'ata mtoto wa jirani, kafukua maua, lango likifunguliwa kidogo tu keshatoka mbio na akiitwa haitiki. Anayelaumiwa ni mbwa, na dawa ya kwanza ni fimbo.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Nyuma ya karibu kila tabia inayotuudhi kwa mbwa kuna haja ambayo haijatimizwa. Pengine ana hofu, pengine ana maumivu, amechoka kukaa bure, ana upweke, au hakuna aliyewahi kumfundisha tunachotaka afanye. Shughulikia haja hiyo kwanza, kisha ndipo umfundishe. Naomba hatua uzifuate kwa mpangilio wake. Mtu anayeanza na "kaa" na "njoo" wakati mbwa ana njaa na masikio yamejaa kupe anajichosha bure.

Na lile swali ambalo kila mwenye nyumba huuliza nilijibu mapema: mbwa anayetunzwa kwa upole hawi mlinzi goigoi. Kubweka mgeni anaposogea ni asili yake, hahitaji kupigwa ili ajue hivyo. Mbwa aliyelelewa kwa kipigo na mnyororo huwa na woga, na mbwa mwoga hachagui. Atamrukia mtoto aliyejikwaa karibu naye, na mwizi akija na rungu atajificha chini ya gari. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wake, anayeamini kwamba uwanja ule ni wake, na anayeweza kutofautisha jambo la kawaida na lisilo la kawaida. Utofautishaji huo unahitaji akili iliyotulia.

Hatua ya 1: Anza na afya

Mbwa hawezi kusema sikio linamuuma. Anachoweza ni kumng'ata anayemshika kichwa. Kwa hiyo, kabla ya kusema mbwa ana tabia mbaya, mkague mwili mzima, taratibu, akiwa ametulia. Tazama ndani ya masikio na katikati ya vidole, ambako kupe hujificha. Tazama nyayo kama zina funza. Pitisha vidole kwenye ngozi ukitafuta vivimbe vyenye tundu dogo juu. Mara nyingi hivyo ni mabuu ya inzi wa embe, yanauma sana na yanamnyima usingizi. Angalia meno. Angalia shingo chini ya ukanda, maana nimeona shingo ambazo mnyororo umekula ngozi hadi kwenye nyama, na mwenye mbwa anashangaa kwa nini hataki kuguswa. Vidole viwili vipite bila shida kati ya ukanda na shingo.

Kisha kuna chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa hupewa akifikisha umri wa miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya au manispaa yako, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wa Kampala wanaweza pia kuulizia USPCA, shirika la kulinda wanyama lenye makazi ya mbwa na paka walioachwa. Wakati huohuo zungumza na daktari kuhusu kumhasi dume. Dume asiyehasiwa akinusa jike aliye kwenye joto mitaa kadhaa mbali ataruka ukuta, na hakuna mafunzo yatakayoshindana na harufu ile.

Hapa lazima niwe mkali kidogo. Mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa anarukia kila kinachosogea, au mwoga akawa anawajia watu bila hofu yoyote, anatokwa na mate, anayumba, anashindwa kumeza: huyo si mbwa wa kufundishwa. Usimguse. Waondoe watoto, funga lango, mwite daktari wa mifugo na umjulishe mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Yeyote aliyeng'atwa, hata mkwaruzo mdogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo inayoanzwa mapema ndiyo inayookoa.

Hatua ya 2: Mtazame kabla ya kumgusa

Tenga siku chache za kutazama tu. Chukua daftari, na kila mbwa anapofanya jambo usilolipenda, andika mambo matatu: kilichotokea kabla yake, alichofanya, na alichopata baada ya hapo. Alibweka, boda akaondoka. Alilia, dada akatoka jikoni na kumtupia mfupa. Alimrukia mtoto, mtoto akapiga kelele na kukimbia, mchezo ukanoga. Mbwa hurudia kinachomletea faida, na daftari litakuonyesha kwamba mara nyingi mlipaji ni sisi wenyewe.

Jifunze pia kusoma mwili wake. Nakumbuka mbwa mmoja wa kahawia wa Kawempe, Tiger, aliyesemekana "anang'ata bila onyo". Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikimtazama. Mama alikuja na sufuria ya posho. Tiger akainamisha kichwa, akalamba midomo mara mbili ingawa chakula hakijamfikia, akageuza uso pembeni. Kijana wa nyumba akapita akiuruka mnyororo. Tiger akapiga mwayo. Kijana akarudi, safari hii akainama juu yake kuchukua ndoo. Mbwa akakakamaa mwili mzima, mdomo ukafunga, weupe wa macho ukaonekana kwa pembeni, mkia ukaingia kati ya miguu. Hakunguruma. Alikuwa ameshapigwa kwa kunguruma mara nyingi mno. Huyo mbwa alikuwa ametoa onyo karibu kila dakika, ila hakuna mtu pale aliyejua kulisoma.

Kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso, kuinua mguu mmoja wa mbele, kujikung'uta kama aliyelowa maji ilhali mkavu: hizo ni dalili za wasiwasi. Kukakamaa na kutoa weupe wa macho ni dalili kwamba wasiwasi umefika ukingoni. Na mkia unaotikisika si kila mara furaha. Mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika kwa kasi fupifupi, unaonya. Furaha huwa inatikisa kiuno chote.

Usimzuie mbwa kunguruma kamwe. Mbwa anayenguruma anakuomba nafasi kwa adabu yake. Mpe nafasi hiyo, kisha ukae utafute kilichomsumbua. Ukimpiga kwa kunguruma, hofu inabaki palepale na onyo peke yake ndilo linaloondoka. Siku ya siku ataanza na meno.

Hatua ya 3: Weka fimbo chini

Watu wengi bado wanaamini kwamba mbwa lazima "ajue nani mkubwa". Imani hii ilipata nguvu kutokana na utafiti wa mbwa mwitu (wolf) waliofungiwa, aliouandika Rudolph Schenkel mwaka 1947. Wanyama wasiojuana waliwekwa pamoja kwenye eneo dogo, wakagombania cheo. Miaka mingi baadaye David Mech, Mmarekani aliyewafuatilia mbwa mwitu porini, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Kwa hiyo kumlaza mbwa chali na kumkaba hadi anyamaze hakumfundishi cheo. Kunamfundisha kwamba mikono yako ni hatari.

Kuna sababu nyingine ya kawaida zaidi. Fimbo humwambia mbwa acha, haimwambii afanye nini badala yake. Tena huchelewa. Ukirudi jioni ukakuta kiatu kimetafunwa, ukampiga, mbwa hahusishi kipigo na kiatu cha saa nne asubuhi. Anakihusisha na wewe kurudi nyumbani. Ule uso wa "anajua kosa lake", masikio chini na macho pembeni, ni woga wa kuona umekasirika. Na tukumbuke kwamba sheria ya Uganda inakataza kumtesa mnyama, kumpiga kikatili au kumnyima chakula na maji. Kosa hilo lina adhabu.

Hatua ya 4: Timiza haja zake

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Nimeona mbwa walioitwa wabishi wakabadilika katika hatua hii peke yake, kabla hawajafundishwa neno hata moja.

*Mnyororo.* Mbwa aliyefungwa mita mbili kwa saa kumi na mbili anajifunza jambo moja: hawezi kukimbia. Mnyama asiyeweza kukimbia hofu anabaki na chaguo la kupigana. Ndiyo maana mbwa wa mnyororo huwa mkali kwa watoto wanaopita karibu. Bora kumjengea banda la wavu wa kuku na mbao lenye nafasi ya kutembea, au kuzungushia sehemu ya uwanja miti na mabati ya zamani. Kama uwezo hauruhusu, kaza waya mnene kati ya miti miwili, tia pete juu ya waya, na ufunge kamba kwenye pete ili aweze kwenda na kurudi. Kivuli kiwepo ncha moja, maji ncha ileile, na kamba isifike mahali pa kunasa. Hata hivyo afunguliwe mara kadhaa kwa siku mkiwa naye, si usiku tu mkiwa mmelala.

*Chakula na maji.* Posho peke yake haitoshi. Inajaza tumbo lakini protini ni kidogo. Changanya mukene (dagaa), mapafu au utumbo uliochemshwa vizuri, yai mara mojamoja, na boga au kiazi kitamu. Mpe mara mbili kwa siku, saa zilezile. Mbwa anayejua chakula kinakuja hana sababu ya kuwinda kwenye takataka, wala ya kukilinda chungu chake kwa meno. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, hupasuka vipande vikali. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Magunzi ya mahindi pia yasimfikie, yanaziba utumbo.

*Usingizi.* Tunalisahau hili, hasa kwa mbwa wa ulinzi. Mbwa mzima hulala kati ya saa 12 na 14 kwa siku, mtoto wa mbwa hufika hata 18 na zaidi. Mbwa anayekesha usiku akibweka, kisha mchana akafungwa mahali penye jua, kelele na watoto, hana muda wa kupumzika. Hasira zake nyingi ni uchovu. Mtafutie kona yenye kivuli na gunia kavu, na amri ya nyumba iwe moja: akiwa pale haguswi na mtu.

*Pua na akili.* Matembezi ya nusu saa asubuhi kabla barabara haijachangamka yana faida kuliko kumkimbiza uwanjani akifuata mpira. Mwache anuse. Anaposimama kwenye kichaka kimoja dakika nzima, anakusanya habari za mtaa mzima, na kunusa kunamtuliza. Usimvute. Nyumbani, tawanya sehemu ya chakula chake kwenye majani akitafute kimoja kimoja. Kunja gunia kuukuu na ufiche mukene ndani ya mikunjo. Hivi havina gharama, na mbwa aliyetafuta chakula kwa pua kwa robo saa hulala baada ya hapo. Maua yako nayo yanapumua.

*Kuwa pamoja.* Mbwa ni kiumbe wa jamii. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa utulivu, homoni ya oksitosini, ileile inayohusika na upendo wa mama na mtoto, huongezeka kwa wote wawili. Huhitaji kumwingiza sebuleni. Keti naye nje dakika kumi jioni ukinywa chai, bila amri, bila simu. Mwache yeye ndiye asogee. Akija, mkune kifuani au ubavuni, kisha toa mkono usubiri. Akiusogelea mkono, endelea. Akigeuka, mwache aende. Mbwa anayejua kwamba anaweza kusema hapana hana haja ya kuisema kwa meno.

Hatua ya 5: Mlipe

Sasa mbwa yuko tayari kufundishwa. Tafuta malipo anayoyapenda kweli. Mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa, yakakatwa vipande vidogo kama punje ya haragwe, yanatosha wiki nzima kwa pesa kidogo. Mukene mkavu nao unafaa, ila harufu itabaki mfukoni.

Chagua neno moja fupi la kumwambia kwamba amepatia, mfano "Safi!" Siku ya kwanza usimwombe chochote. Sema "Safi!", mpe kipande. Rudia mara kumi, kumi na tano, hadi ukilitamka masikio yanasimama. Tangu hapo neno hilo lina thamani, nawe unaweza kulitumia kumwonyesha sekunde hasa aliyofanya vema. Malipo yafuate papo hapo. Ukichelewa, umelipa jambo jingine.

Kwa sisi Waislamu, swali la mate lipo, maana wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Halizuii mafunzo haya hata kidogo. Dondosha kipande chini mbele ya miguu yake, au mpe kwa mwiko mrefu wa mti uliotengwa kwa kazi hiyo. Mpe chakula kwenye bakuli lake mwenyewe lisiloingia jikoni, na weka nguo ya mbwa kando na nguo ya swala. Kumfuga kwa ulinzi wa mifugo na shamba kumeruhusiwa, na tunayo Hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Aliye naye nyumbani ana wajibu juu yake.

Wahenga nao walisema ukicheza na mbwa atakufuata mpaka msikitini. Atakufuata kweli, kwa hiyo neno la kwanza la kumfundisha liwe la kubaki.

Hatua ya 6: Maneno manne yanayotosha

"Mahali." Tandika mkeka au gunia. Akiukanyaga kwa mguu mmoja, "Safi!", kipande kwenye mkeka. Akiingia wote, lipa. Akilala, lipa zaidi, kimoja kimoja, kwa utulivu. Kisha rudi nyuma hatua moja, urudi umlipe akiwa bado pale. Ongeza umbali, halafu muda, halafu vishawishi. Kimoja kwa wakati wake. Neno hili litakufaa wageni wakija, watoto wakila, na wewe ukitoka kwenda kusali.

"Njoo." Sheria yake ni moja na haina msamaha: asije kwako akapata jambo baya. Usimwite "njoo" ili umfunge, umwogeshe au umgombeze. Anza mkiwa hatua mbili, sauti ya furaha, lipa vizuri. Kisha hatua kumi, kisha uwanja mzima, kisha nje akiwa na kamba ndefu. Akitoroka langoni ukamwita akarudi baada ya nusu saa, mlipe hata kama moyo unachemka. Anayepigwa baada ya kurudi, kesho harudi.

"Kaa." Shika kipande juu ya pua yake, peleka mkono nyuma taratibu kuelekea masikioni. Kichwa kitapanda, makalio yatashuka. Usimsukume mgongoni.

"Acha." Ficha kipande ndani ya ngumi. Atanusa, atakwangua. Subiri kimya. Akiondoa pua tu, "Safi!", umpe kingine kutoka mkono wa pili. Hili humwokoa na vyakula vya sumu barabarani.

Vipindi viwe vya dakika tatu hadi tano, mara mbili tatu kwa siku. Acha akiwa bado anataka. Na kila aliye nyumbani, kuanzia bibi hadi askari wa lango, atumie maneno yaleyale. Baba akisema "njoo", dada akisema "jangu" na mtoto akipiga mluzi, mbwa hana kosa akichanganyikiwa.

Hatua ya 7: Matatizo ya kila siku

*Boda na wageni langoni.* Mbwa anabweka, boda anaondoka, na mbwa anaamini yeye ndiye aliyemfukuza. Badilisha maana ya boda. Omba kijana mmoja wa steji asimame na pikipiki mbali, umbali ambao mbwa anaiona lakini bado anaweza kula. Boda akionekana, mapafu yanashuka. Boda akiondoka, mapafu yanakwisha. Siku zinazofuata asogee kidogo. Mbwa akikataa kula au akikakamaa, mko karibu mno, rudini nyuma. Kazi hii ni ya polepole, lakini ni moja kati ya zenye matunda makubwa.

*Kubweka usiku.* Ziba sehemu ya chini ya lango kwa mabati asione kila mguu unaopita. Mpe chakula na matembezi jioni. Akibweka, toka utazame, mwambie "asante" kwa sauti ya chini, mwite, mlipe akinyamaza. Anajifunza kutoa taarifa na kuacha. Mlinzi wa aina hiyo ukimsikia unaamka. Anayebweka saa nane mfululizo, hata wewe umeshamzoea.

*Kuku.* Mfunge kamba, simameni mbali na kuku. Kila anapoyaondoa macho kwa kuku na kukutazama, mlipe. Sogeeni hatua chache kwa wiki. Wakati mafunzo yanaendelea, kuku wawe ndani ya wigo. Kila kuku mmoja anayemkamata ni somo linalokushinda nguvu, kwa sababu kukimbiza kwenyewe ni raha.

*Radi na fataki.* Eneo la Ziwa Viktoria lina radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, na usiku wa mwaka mpya Kampala hulipuka kwa fataki. Mbwa anayetetemeka, anayechimba mlango au kuruka ukuta hajidekezi. Mwandalie chumba kisicho na madirisha mengi, redio ikiwa imewashwa, gunia lake likiwa pale, na umfikishe humo kabla giza halijaingia. Kaa naye ukiweza. Kumfariji hakuongezi hofu, kwa sababu hofu si ujanja wa kutafuta malipo. Kama anajiumiza, daktari anaweza kumpa dawa ya kumtuliza.

*Watoto.* Hapa sheria ni za watoto. Hakuna kumsogelea akila, akilala, au akinyonyesha. Hakuna kumkumbatia shingoni. Mbwa asiyejulikana akija mbio, simama kama mti, mikono kifuani, macho chini, usikimbie. Na mtoto mdogo asibaki peke yake na mbwa, hata yule mbwa mpole mliyemlea wenyewe.

*Mtoto wa mbwa.* Usimchukue kabla ya wiki 8. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ubongo wake unaamua nini cha kawaida duniani. Mwonyeshe mtu mwenye kanzu, mama mwenye gomesi, mwavuli, kiti cha magurudumu, boda, mbuzi, mzee mwenye mkongojo, akiwa mikononi mwako na malipo yapo. Asiwekwe chini kwenye njia za mbwa wengine kabla chanjo hazijakamilika.

Hatua ya 8: Mpe muda, na ujue lini kuomba msaada

Mbwa mwenye umri mdogo asiye na historia ya kipigo huonyesha mabadiliko ndani ya wiki chache. Aliyekaa mnyororoni miaka huchukua miezi, na kuna siku atarudi nyuma: mvua kubwa, msiba nyumbani, mgeni aliyelala. Siku hiyo punguza unachomwomba, rudi kwenye zoezi alilolimudu. Tiger wa Kawempe bado hapendi watu wanaoinama juu yake. Familia imejua hivyo, ndoo imehamishwa, na kijana humwita "mahali" kabla ya kupita.

Anayesema haya ni mambo ya Wazungu aende Gulu. Huko kuna mradi wa Comfort Dog, ulioanzishwa na Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho utotoni kwa mlipuko wa bomu. Mradi huo unawakutanisha watu walioumizwa nafsi na vita vya waasi wa Joseph Kony na mbwa waliookotwa mitaani. Wanajifunza pamoja kwa wiki kadhaa, kwa upole, na mtu ambaye hakuweza kulala kwa jinamizi anapata mwenzake wa kumwamsha. Ni mbwa walewale wa kienyeji tunaowatupia mawe sokoni.

Mwite daktari wa mifugo bila kusubiri kama mbwa ameng'ata hadi damu, kama ukali umeanza ghafla bila sababu unayoiona, au kama amegoma kula zaidi ya siku moja. Ukali ulioanza ghafla ni ule wa Hatua ya 1: usimguse. Kwa wengine, wakati unasubiri ushauri, mtenge kwenye banda lake, si mnyororoni, na mzoeze kifuniko cha mdomo cha wavu kwa kumpa malipo ndani yake kabla ya kukifunga.

Na ukisafiri, mwachie anayebaki karatasi moja: saa za kula, maneno manne na namna mnavyoyatamka, mapafu yalipo, kona asiyoguswa akiwa amelala, na namba ya simu ya daktari. Mfanyeni zoezi pamoja mara kadhaa kabla ya safari, ili mbwa azoee kwamba mkono huo mwingine nao unalipa.